Watoto Wana Kadi ya Kliniki, Wazazi Je?

Matokeo ya Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 yalipotangazwa, wengi tuliishia kwenye namba moja: Watanzania tumefika 61,741,120. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, namba iliyostahili kutushtua ilikuwa nyingine. Kati ya 2002 na 2012 mkoa huu ulikuwa ukiongezeka kwa asilimia 5.6 kila mwaka. Kati ya 2012 na 2022 kasi hiyo ilishuka hadi asilimia 2.1, chini ya wastani wa taifa wa asilimia 3.2. Jiji ambalo kila siku tunalilalamikia kwamba limefurika, sasa linakua polepole kuliko nchi yenyewe.

Watu hawajaacha kuja mjini. Wanachofanya ni kuuvuka mpaka wa mkoa. Mkoa wa Pwani ulikuwa na watu 1,098,668 mwaka 2012, na miaka kumi baadaye ulikuwa nao 2,024,947. Yaani mkoa ulioanza na robo tu ya watu wa Dar es Salaam uliongeza watu zaidi ya laki tisa, wakati Dar es Salaam yenyewe iliongeza milioni moja na ushei. Kibaha, Mkuranga na Bagamoyo zimekuwa vitongoji vya jiji hata kama ramani inasema vingine. Huko ndiko mtu wa kipato cha kawaida bado anaweza kudunduliza akapata kiwanja.

Dalili zilianza kuonekana mapema kwenye mitaa ya ndani. Kata ya Manzese ilikuwa na takribani watu 67,000 mwaka 2002. Mwaka 2012 walikuwa 70,500 hivi. Katika miaka hiyo hiyo mkoa mzima ulitoka watu milioni 2.5 na kufika milioni 4.36. Manzese ilikuwa imejaa. Aliyezaliwa pale akikua, akioa, akitaka kujenga, alikuwa anatazama Mbagala, Chanika au Kibamba.

Mabadiliko haya ya watu yamekwenda sambamba na mabadiliko ya maradhi, ila huduma zetu za afya za mtaani bado zimepangwa kana kwamba mtaa una watu wa aina mbili tu, mama mjamzito na mtoto mwenye homa. Hoja yangu ni moja. Kila mkazi wa mjini aliyefika miaka arobaini apewe kadi ya kliniki kama anayopewa mtoto, apimwe kwa ratiba inayojulikana, na kadi hiyo iwe mali yake, aende nayo kila anakohamia.

Mtaa unaohesabiwa

Tuchukue Ukonga na Gongo la Mboto. Ukitoka mjini kwa Barabara ya Nyerere, ukaupita uwanja wa ndege, unaingia kwenye kata hizi zinazojulikana kwa gereza, kambi za jeshi na foleni. Walio mbali nazo huenda wanaikumbuka Gongo la Mboto kwa milipuko ya mabomu ya Februari 16, 2011. Mwaka huo huo lilianza hapo jambo jingine ambalo halikutikisa kuta za mtu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Harvard, walianza kuwaandikisha wakazi wa kata hizo, zaidi ya watu 100,000, na kuwafuatilia.

Kazi yenyewe haina makeke. Kila nyumba inapewa namba. Mdadisi anarudi kila baada ya muda na kuuliza maswali yale yale: nani amezaliwa, nani amehamia, nani amehama, nani amefariki. Palipotokea msiba, ndugu wa marehemu wanahojiwa kuhusu dalili za siku za mwisho, kisha madaktari wanayasoma maelezo hayo na kukadiria sababu ya kifo.

Anayeufahamu mtaa wa Dar es Salaam anajua kazi hiyo ni ngumu kiasi gani. Huu ni mtaa wa wapangaji. Nyumba ya vyumba sita inaweza kuwa na kaya sita, na mwaka haujaisha wawili wameshaondoka, mmoja kodi ya miezi sita imemshinda, mwingine banda lake Chanika limepata bati na amehamia kabla hata hajapiga lipu. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anamfahamu mpangaji pale anapokuja kuomba barua ya utambulisho. Asipoihitaji barua, anaweza kukaa miaka mitatu na kuondoka bila jina lake kuandikwa popote.

Hata kifo huuhama mtaa. Mtu akizidiwa, familia inakaa kikao na mara nyingi inaamua arudishwe kwao, Songea, Kigoma au Bukoba, akauguzwe na mama yake. Asipowahi kurudishwa akiwa hai, mwili wake unasafirishwa. Msiba unahesabika kijijini, na mtaa aliougulia unabaki ukidhani watu wake hawafi. Ndiyo maana palipowekwa daftari la kweli, majibu yamekuwa ya kushangaza kila mara.

Tulivyoambiwa tangu miaka ya tisini

Ukonga na Gongo la Mboto si mitaa ya kwanza kuhesabiwa. Kuanzia mwaka 1992, Wizara ya Afya pamoja na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza waliendesha mradi wa kufuatilia vifo vya watu wazima katika baadhi ya mitaa ya Dar es Salaam, wilaya ya Hai na Morogoro Vijijini. Matokeo ya miaka ya mwanzo yalichapishwa mwaka 1996, na yalitisha. Kwa kasi ya vifo ya wakati ule, karibu nusu ya vijana wa kiume wa Dar es Salaam waliofika miaka 15 wangekufa kabla ya kufika 60. Ukimwi na kifua kikuu ndivyo vilivyokuwa vikiongoza, na hilo kila mtu alilitarajia.

Ambalo halikutarajiwa ni kiharusi. Mwaka 2000 jarida la tiba la Lancet lilichapisha hesabu za mradi huo kwa watu wa miaka 15 hadi 64. Dar es Salaam, kiharusi kiliua wanaume 65 kwa kila 100,000 kwa mwaka, na wanawake 88. Uingereza na Wales kwa umri huo huo, viwango vilikuwa 10.8 kwa wanaume na 8.6 kwa wanawake. Mwanamke wa Dar es Salaam ambaye hajafika umri wa kustaafu alikuwa hatarini kufa kwa kiharusi mara kumi zaidi ya mwenzake wa Uingereza, nchi ambayo tuliamini ndiyo yenye magonjwa ya watu walioshiba.

Baadaye, kati ya 2003 na 2006, watafiti walihesabu waliopatwa na kiharusi, wawe wamekufa au wamepona. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Dar es Salaam ilikuwa na wagonjwa wapya takribani 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Hai 109. Jiji lilikuwa na kiharusi karibu mara tatu ya wilaya ya vijijini yenye watu wa nchi ile ile. Hapo mtu hawezi kusingizia damu wala ukoo. Chanzo kikubwa ni presha isiyotibiwa, na presha ya mjini inalishwa na chumvi, mafuta, unene, kazi ya kukaa na usingizi mfupi wa mtu anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi daladala.

Utafiti wa kitaifa wa 2012 kuhusu viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza ulikuta mtu mmoja kati ya wanne wenye miaka 25 hadi 64 ana presha, na karibu mmoja kati ya kumi na moja ana kisukari. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015-16 ulikuta asilimia 42 ya wanawake wa mijini wana uzito uliozidi, mara mbili ya wa vijijini. Na Ukonga penyewe, walipopimwa watu wazima wa miaka 40 na kuendelea, zaidi ya nusu walikutwa na presha. Tukirudi kwenye nyumba ile ya vyumba sita, hakuna haja ya kuuliza kama ina mwenye presha. Swali ni chumba gani, na je, mwenyewe anajua?

Homa ilitufundisha vibaya

Kwa nini basi mtaa hauoni? Sehemu ya jibu iko kwenye homa.

Kizazi chetu kimelelewa na malaria. Tulijifunza kwamba ugonjwa unakuja kwa kishindo, kichwa kinagonga, viungo vinauma, mwili unachemka, unakwenda zahanati au duka la dawa, unapewa dozi, unaimaliza, umepona. Tangu dawa ya mseto ilipoanza kutumika mwishoni mwa 2006, dozi hiyo ni ya siku tatu. Kwa ugonjwa wa aina hiyo ni elimu nzuri, na imeokoa maisha mengi.

Ila mjini malaria yenyewe ilishapungua, mazoea yakabaki. Mwaka 2008 watafiti waliwachunguza kwa kina watoto 1,005 waliofikishwa kwenye huduma za wagonjwa wa nje Dar es Salaam na Ifakara wakiwa na homa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014 katika jarida la New England Journal of Medicine. Malaria ilikutwa kwa mtoto mmoja kati ya kumi hivi, taifodi chini ya wanne kati ya mia. Wengi walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na sehemu kubwa ya homa zote ilisababishwa na virusi. Hata hivyo, ukiingia leo kwenye maabara nyingi za mtaani na mwili unauma, unaweza kutoka na majibu matatu kwa mkupuo: malaria, taifodi na UTI. Mwaka 2014, na tena 2019, wakati dengi ilipolikumba jiji, wapo waliomaliza dozi ya malaria na ya taifodi kabla mtu hajafikiria kwamba ni ugonjwa mwingine, unaoletwa na mbu mwingine, anayeuma mchana.

Presha haina adabu za homa. Haipandishi joto wala haimlazi mtu. Mwenye nayo anabeba zege, anapika chapati mia, anaendesha bodaboda hadi saa tano usiku. Siku akipimwa kwa bahati, akapewa vidonge vya mwezi, anavimaliza kama alivyozoea kumaliza dozi, na kwa kuwa haumwi, anaamini amepona. Wengine humeza kidonge siku kichwa kinapogonga na kupumzika siku kinapotulia. Mtu huyu si mjinga. Anatumia kwa uaminifu kanuni aliyofundishwa na malaria, na hakuna aliyewahi kukaa naye akamwambia kwamba hapa kanuni ni nyingine, kwamba hii dawa haina siku ya mwisho.

Siku ya kujua huwa imechelewa. Anaanguka bafuni, mdomo unapinda, mkono wa kulia haushiki. Ana miaka arobaini na minane, na ndiye anayelipa kodi. Mke anafunga genge ili amgeuze kitandani, binti anakosa shule, na kikao cha familia kinaamua arudishwe kwao.

Mlango uliopo, na unaofungwa mapema

Serikali haikulala muda wote huu. Mwaka 1999, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai nchini, 147 walikuwa wakifa kabla ya kutimiza miaka mitano. Utafiti wa 2022 ulionyesha wamebaki 43. Chanjo, vyandarua, mseto na uzazi salama vimefanya kazi kubwa ambayo haisifiwi vya kutosha. Haijakwisha: utafiti wa 2015-16 ulionyesha vifo vya watoto wachanga vikiwa vingi mijini kuliko vijijini, jambo linalotudai maswali magumu kuhusu wodi za wazazi zilizoelemewa. Simwombei mtu mzima apewe kwa kumnyang'anya mtoto.

Ninachouliza ni kwa nini tulifaulu pale. Nadhani kadi ya kliniki ina sehemu kubwa kuliko tunavyoikiri. Ni karatasi ngumu yenye tarehe na mstari wa uzito, na mama aliyeishia darasa la nne anaisoma. Anajua mstari ukishuka kuna tatizo. Anajua tarehe ya kurudi. Akihama kutoka Gongo la Mboto kwenda Mkuranga anaifunga pamoja na vyeti vya shule, na muuguzi wa huko anaendelea pale alipoishia mwenzake. Kadi ilimfanya mtoto mzima wa afya awe na sababu ya kufika kliniki. Mtu mzima hana sababu kama hiyo. Kwa utaratibu wetu, mtu mzima anakwenda zahanati akiumwa, na presha, kama tulivyoona, haiumi.

Mwanamke walau ana mlango mmoja. Kila hudhurio la ujauzito anafungwa mkanda mkononi na kupimwa presha. Lakini takwimu za uzazi zinaonyesha jambo la kufikirisha. Mwaka 2022 mwanamke wa mjini alikadiriwa kuzaa watoto 3.6 kwa wastani, wa kijijini 5.5. Ni habari njema kwa afya yake na mfuko wake. Ila maana yake pia ni kwamba mwanamke wa Ukonga anaweza kumaliza kuzaa akiwa na miaka thelathini na mbili, na tangu siku hiyo asifungwe tena mkanda ule mpaka aje kuanguka. Kadiri uzazi unavyopungua, ndivyo mlango wake wa pekee wa kupimwa unavyofungwa mapema, miaka michache tu kabla hajaingia kwenye umri wa hatari.

Mwanaume hana hata huo. Na muda wenyewe haumsubiri. Zahanati nyingi za serikali zina shughuli zaidi asubuhi, na saa za kazi za serikali zinaishia saa tisa na nusu alasiri. Fundi, dereva, machinga na mlinzi wa zamu hawapo mtaani saa hizo.

Sera ya misamaha ya malipo nayo imekaa hivyo hivyo. Kwenye hospitali na zahanati za umma, wanaosamehewa malipo kwanza ni wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Ni huruma iliyowekwa zaidi kwenye ncha mbili za maisha, mwanzoni na mwishoni. Wa katikati, anayewalipia wote hao nauli, chakula na ada, kwa kawaida anasimama dirishani na pesa yake mkononi. Ikiwa haipo, anarudi nyumbani. Takwimu za kiharusi za tangu miaka ya tisini zinatuambia kwamba huyu wa katikati ndiye anayeangukia njiani kuelekea hiyo miaka 60 ya msamaha.

Ugonjwa usiopona tumeshajua kuutunza

Wapo watakaosema kwamba nchi yetu haiwezi kutunza magonjwa ya kudumu kwa mamilioni ya watu, kwamba hayo ni mambo ya nchi tajiri. Jibu liko mtaani kwetu.

Utafiti wa 2003-04 ulikuta takribani asilimia 11 ya watu wazima wa Dar es Salaam wanaishi na virusi vya Ukimwi. Utafiti wa 2016-17 ulikuta chini ya asilimia 5. Katikati ya tafiti hizo, kuanzia mwaka 2004, zilifunguliwa kliniki za tiba na matunzo ambazo sasa kila mtu anaziita CTC. Humo mgonjwa ana kadi yenye namba, ana tarehe ya kurudi, ana dawa bila malipo, na asipotokea kuna mtu anayempigia simu au kumfuata nyumbani. Anaelezwa tangu siku ya kwanza kwamba dawa hii ni ya maisha. Mamia ya maelfu ya Watanzania ambao hawakusoma udaktari wameielewa kanuni hiyo na wanaifuata kila siku, saa ile ile.

Kwa hiyo dhana kwamba mtu wetu hawezi kumeza kidonge miaka ishirini imeshavunjwa. Kilichofanya kazi pale ni mpangilio: kadi, tarehe, dawa iliyopo, na mtu wa kufuatilia. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya gharama ya kazi hiyo ilibebwa na wafadhili, hasa Marekani, na misukosuko ya misaada ya mwaka 2025 ilitukumbusha kwamba mfuko wa mwenzako hauna ufunguo kwako. Lakini vidonge vya kawaida vya presha ni miongoni mwa dawa za bei nafuu kabisa duniani, vimetoka kwenye hataza zamani, na mkanda wa kupimia unadumu miaka. Gharama ya kweli ni ya kiharusi, na hiyo tunailipa tayari, ila hailipwi na bajeti ya wizara. Inalipwa na mke aliyefunga genge.

Wengine watasema tiba si jibu, watu wabadili mtindo wa maisha. Nakubali nusu. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliwahimiza wananchi kufanya mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi, na vikundi vya jogging vya Dar es Salaam ni jambo la kujivunia. Hata hivyo, mtindo wa maisha wa mpangaji wa Gongo la Mboto haukuchaguliwa na yeye peke yake. Umbali wa kwenda kazini umeamuliwa na bei ya viwanja. Chipsi za usiku zinaamuliwa na saa anayofika nyumbani na bei ya mkaa au gesi. Mahali pa watoto kuchezea mpira pamejengwa fremu za maduka. Anayemwambia afanye mazoezi na asimpime presha amempa nasaha, hajampa huduma.

Kinachowezekana mwaka huu

Vipande vya kazi hii vipo tayari, havijaunganishwa tu. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kufikia zaidi ya wahudumu 137,000 katika miaka mitano. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Serikali za mitaa zina wenyeviti waliochaguliwa Novemba 2024, na wajumbe wanaozijua nyumba moja moja. Halmashauri za jiji zinaweza kuanza na mambo manne bila kungoja sheria mpya.

La kwanza ni kadi yenyewe. Iwe ngumu, iwe na nafasi ya presha, sukari na uzito, iwe na tarehe ya kurudi, ikae na mwenyewe. Mfumo wa kompyuta ni mzuri na uje, ila katika jiji ambalo watu wake wanahama kata kwa kata na mkoa kwa mkoa, faili linalobaki zahanati ya Ukonga halimsaidii aliyehamia Mkuranga. Sensa imetuonyesha watu wanavyotembea. Basi kumbukumbu za afya zao zitembee nao.

La pili ni saa. Kila zahanati ya mjini iwe na jioni moja ya wiki, au Jumamosi asubuhi, kwa ajili ya watu wazima wasioumwa. Foleni yao isichanganywe na ya wagonjwa. Na wahudumu wa jamii wapewe mkanda wa kupimia, wakae kijiweni kwa bodaboda, sokoni, msikitini na kanisani baada ya ibada. Mwanaume ambaye hafiki zahanati anafika kijiweni kila siku.

La tatu ni dawa. Aliyekutwa na presha au sukari asitoke na karatasi ya kwenda kununua mwenyewe. Katika utekelezaji wa bima kwa wote, vidonge vya presha na kisukari viwe kwenye kitita cha msingi kabisa, na vitolewe vya miezi miwili au mitatu kwa aliyetulia, kama CTC zinavyofanya, ili mtu asipoteze siku ya kibarua kila mwezi.

La nne ni daftari, na hapa narudi kwa watafiti wa Ukonga. Mtaa mzima hauhitaji utafiti wa Harvard. Unahitaji mjumbe aandike kila robo mwaka aliyezaliwa, aliyehamia, aliyehama na aliyefariki, pamoja na umri wake, na kama aliugua ghafla au muda mrefu. Aliyesafirishwa kwenda kuzikwa kwao naye aandikwe, kwa kuwa aliugulia hapa. Daftari hilo likifika kwa mganga mkuu wa wilaya, atajua dawa za kuagiza na wahudumu wa kupeleka wapi, badala ya kugawa kwa mazoea.

Hili la nne linatuhusu sisi wakazi moja kwa moja, kwa sababu halisubiri bajeti. Kwenye mikutano ya mtaa tunauliza kuhusu taka, barabara na taa, na tuna haki. Mkutano ujao mtu asimame amuulize mwenyekiti: mwaka jana wamefariki watu wazima wangapi hapa kwetu, walikuwa na umri gani, na waliugua nini? Akijibu hajui, aandikiwe kwenye muhtasari wa kikao kwamba mkutano ujao alete majibu. Tukilifanya hilo mitaa mia moja tu ya jiji hili, halmashauri itakuwa na takwimu ambazo hazijawahi kufika mezani kwake, na itakosa pa kujificha.